Abiria wa Gubeti

Mwaka ule mvua iliisahau Nyika ya Lukwale. Ilinyesha huko milimani, ikanguruma, ikaonekana kwa mbali, kisha ikajiendea zake. Nyasi zikawa za kusagika mguuni. Mito ikabaki majina. Pale Mkoma, kitongoji cha wanyama wadogo wadogo, lilisalia dimbwi moja tu, na hilo nalo kila asubuhi lilikuwa limejikunyata kidogo zaidi ya jana.

Maji yalikuwepo, ila yalikuwa Ndolwa, kwenye chemchemi ya juu mlimani, na Ndolwa hapakuwa mahali pa kwenda na kurudi. Mwenye miguu mizuri alifika hoi. Asiye na miguu mizuri hakuanza safari. Watu wa Mkoma wakaanza kuzungumzia kuhama, wote kwa pamoja, kabla dimbwi halijageuka vumbi.

Sungura aliyasikiliza mazungumzo hayo kwa wasiwasi. Mama yake alivunjika mguu wa nyuma katika mtego miaka mingi iliyopita, na sasa, uzee ulipoongezeka juu yake, safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka mlangoni hadi kivulini, na hata hiyo alipumzika njiani. Sungura hakuwa na kifua cha kumbeba mtu. Aliwaendea Pundamilia, nao wakamweleza kwa heshima zote kwamba wao hawabebi mtu, wameapa hivyo tangu enzi za babu zao, na wakianza leo na mama yake, kesho wataletewa magunia.

"Nyie nendeni," mama yake alimwambia jioni moja, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. "Mimi nitalinda nyumba."

"Nyumba gani, mama? Shimo hili?"

"Hilo hilo. Kwani litajilinda?"

Sungura alijua maana ya kubaki kulinda nyumba katika nchi isiyo na maji.

Basi habari ya treni ilipofika Mkoma, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamini.

Habari yenyewe ilianzia kwa Mfalme Simba. Alikuwa amekwenda kuwatembelea wakwe zake nchi ya mbali, na huko alimkuta mfalme mwenziwe, ambaye manyoya yake ya shingoni hayakufikia hata nusu ya yale ya Simba, ana treni ya abiria. Inapita asubuhi, inapita jioni, na watu wanaipungia. Simba alirudi nyumbani hali wala halali vizuri. Siku ya tatu akatangaza kwamba Lukwale nayo itakuwa na treni, itakayowachukua raia kutoka nyikani hadi Ndolwa kwenye maji, na kwamba wazo hilo amelitoa kichwani mwake mwenyewe.

Ikaundwa Kamati ya Mipango ya Reli. Kwa kuwa kila kikao kilikuwa na chakula, Fisi hakukosa hata kimoja. Na kwa kuwa hakukosa hata kimoja, akaonekana ndiye mwenye uchungu na maendeleo. Wakamfanya Mwenyekiti.

Haki isemwe, kazi ilianza vizuri. Tembo waliangusha magogo ya mpingo, wakayalaza mawili mawili kutoka Ndolwa kushuka hadi Njiapanda. Mabehewa manne yakachongwa, yenye mabenchi na madirisha. Wa kuyavuta alikuwa Kifaru, aliyechaguliwa kwa kifua chake na kwa moshi uliomtoka puani asubuhi za baridi. Kifaru alikuwa na tabia moja tu, nayo haikufichika: akishaanza kukimbia, ameanza. Hakuna aliyewahi kumsimamisha kabla hajafika alikokuwa anakwenda, na wengi waliojaribu hawakupenda kulizungumzia.

Tatizo lilikuja Njiapanda. Kutoka hapo njia inagawanyika: moja inakwenda Mkoma, nyingine inakwenda Gubeti, kwenye mapango. Mpingo uliosalia ulitosha njia moja tu. Na mapango ya Gubeti, kila mtu alijua, ni nyumbani kwa Fisi.

Mtu angedhani hilo si jambo la kufikiria mara mbili. Gubeti waliishi Fisi na jamaa zake, basi, na wao miguu yao ilikuwa mizima. Lakini Fisi alikuwa amekwisha kuiona stesheni hiyo akilini mwake, tena aliiona kwa undani. Aliiona na chumba cha kusubiri, ndani ya pango, penye giza la kupendeza. Aliwaona akina mama wa Mkoma wakifika wamechoka, na watoto wao wanono, wakiambiwa treni imekwisha ondoka, wajinyooshe hapo ndani hadi kesho. Kila alipofika kwenye sehemu ya kujinyoosha, mate yalimjaa.

Kikaoni hakusema habari za mate. "Mfalme," alisema, "mipango ya kisasa haiendi kwa huruma. Inakwenda kwa takwimu. Tuhesabu abiria wa njia zote mbili, siku moja, na penye wengi ndipo reli ipite."

Simba alilipenda neno takwimu, lilimkaa vizuri mdomoni. Akakubali. Kasuku akapewa kazi ya kuhesabu, kwa sababu Kasuku hana maneno yake mwenyewe, na hilo Fisi alilisifu kama sifa ya mtaalamu. Siku ya kuhesabu haikutangazwa. Mwenyekiti alieleza kwamba ikitangazwa watu watakuja kuharibu takwimu.

Kilichotangazwa kwa siku hiyo hiyo kilikuwa kitu kingine kabisa. Shangazi yake Fisi, Shangazi Mtupo, anasafiri.

Hapa ni lazima kueleza desturi ya Lukwale, ingawa kila aliyelelewa na mama anaijua. Mtu akisafiri, anasindikizwa. Humpendi? Unamsindikiza. Mnadaiana, mmenuniana, mmewahi kung'atana? Unamsindikiza, maana usipoonekana na yeye akapatwa na jambo njiani, utatajwa wewe. Wala huendi mikono mitupu. Unabeba masurufu ya safari, hata kama ni kipande cha muhogo, unamkabidhi mwenyewe, unamtakia heri. Na huondoki mpaka apotee machoni.

Basi watu walikwenda. Walikwenda Swala na Ngiri, walikwenda Nyumbu kwa sababu waliwaona wengine wanakwenda, walikwenda Nungunungu, Digidigi na Kanga. Mkoma nzima iliamka alfajiri ikazunguka hadi Gubeti, kwa woga kidogo, lakini wakijipa moyo kwamba mbele za watu wengi hivyo hata Fisi ana haya. Sungura naye alikwenda, na kifurushi cha mizizi mitamu aliyokuwa amemwekea mama yake. Shangazi Mtupo alitangulia mbele amejitanda kanga mpya, akijipepea, akipokea vifurushi na kuwakabidhi wapwa zake. Umati ukamfuata kwa nyimbo hadi Njiapanda, ukapita chini ya mti aliokaa Kasuku, ukaendelea hadi kwenye kona ya mlima. Hapo waliagana, wachache wakalia machozi ya adabu, Shangazi akapotea machoni, na watu, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, wakarudi makwao kwa njia ya mkato.

Walipopita chini ya ule mti Sungura alimsalimia Kasuku. Kasuku hakuitikia. Alikuwa ananong'ona namba. Sungura alidhani amepata mtu wa kumfundisha kusoma, akafurahi kwa ajili yake.

Aliijua maana ya namba zile kwenye mkutano wa Simba, siku mbili baadaye, watu wote wamekaa chini na Kasuku amewekewa kigogo cha kusimamia.

"Njia ya Gubeti," alisoma Kasuku, "abiria mia tatu na ushee. Njia ya Mkoma, abiria hakuna."

Sungura alihisi masikio yake yakilegea. Aliinuka bila kuombwa. Alisema Mkoma hakukupita mtu siku ile kwa kuwa watu wote wa Mkoma walikuwa Gubeti kumsindikiza shangazi wa Mwenyekiti. Hata yeye mwenyewe alikuwepo.

Fisi hakukasirika. Alitabasamu, na meno yake ni mengi. "Mmesikia, wadau. Bibie anakiri kwa mdomo wake kwamba alipita njia ya Gubeti. Nami namshukuru. Hao ndio abiria wetu."

Watu wakacheka, kwa sababu Mwenyekiti alicheka kwanza. Sungura akamgeukia Simba, akitumaini kuona walau ukucha mmoja wa mashaka. Alichokiona kilimvunja nguvu. Simba alikuwa amefumba macho nusu, anairudia ile mia tatu taratibu, kama mtu anayeonja asali. Mfalme mwenziwe, yule wa manyoya machache, hakuwa na abiria mia tatu. Namba ile ilikuwa imekwisha kuwa mali ya Simba, na anayejaribu kumpunguzia Simba mali yake hulala pabaya.

Sungura akaketi. Akamfikiria mama yake kivulini. Kwa Mkoma, stesheni ya Gubeti ilikuwa mbaya kuliko kukosa treni kabisa: ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima, na mwisho wake mdomo wa pango. Akafikiria, akakwaruza sikio, kisha akainuka tena, na safari hii sauti yake ilikuwa laini hata Swala aliyekaa karibu naye akamtazama kwa wasiwasi.

Aliomba radhi kwa ushamba wake. Alisema sasa ameelewa takwimu. Alisema shida yake ilikuwa moja tu, kwamba jambo kubwa kama hili lisije likamalizwa na Tembo, watu wa kubeba magogo, kana kwamba ni zizi la mbuzi. Magogo ya Gubeti yalazwe tu chini, yasifungwe kwa vigingi. Siku ya safari ya kwanza Mfalme mwenyewe ayaone mabehewa yamejaa abiria wake mia tatu, kisha achukue nyundo, apige kigingi cha kwanza kwa mkono wake, mbele ya macho ya wote.

Simba alifumbua macho. "Nyundo kubwa?"

"Kubwa mno, Mfalme. Mtu mwingine hawezi kuiinua."

Lilipita bila kujadiliwa. Fisi naye alipiga makofi. Magogo yafungwe leo au yafungwe keshokutwa, kwake yalikuwa mlangoni.

Siku zilizofuata Sungura aligundua jambo ambalo hata yeye, pamoja na ujanja wake wote, hakulitarajia. Shangazi Mtupo alikuwa anasafiri tena. Tena akasafiri. Watu waliitwa, wakaenda, wakatoa masurufu, wakamwona akipotea kwenye kona ya mlima, na kabla wiki haijakwisha wakaitwa upya. Hakuna aliyethubutu kuuliza alirudi lini. Ngiri mmoja alisema labda ana wagonjwa wengi.

Fisi alikuwa ameonja masurufu. Hesabu alikuwa amekwisha kuishinda, angeweza kutulia. Lakini kutulia mbele ya chakula kinachojileta chenyewe kwa miguu minne, hilo Fisi hakuumbwa nalo.

Sungura akaenda Gubeti. Alisimama mbali kidogo na pango, umbali wa adabu na wa tahadhari, akapiga hodi. Fisi alitoka anajifuta midomo. Nyuma yake Shangazi Mtupo, msafiri, alikuwa amenyoosha miguu kivulini anamenya karanga za watu.

Sungura alimwamkia vizuri, akasema amekuja kutoa pole. Fisi akauliza pole ya nini.

"Ya heshima yako, Mwenyekiti. Watu wanasema Shangazi anapata vikapu na vikapu, wewe uliyeleta treni hujapewa hata mfupa. Mimi nilijibu kwamba wewe husafiri, basi. Lakini maneno ya watu unayajua."

Fisi alijikuna shingo. Aliuliza, kama anayeuliza hali ya hewa, kwamba mtu akimsindikiza shangazi kwa kifurushi, Mwenyekiti angemsindikiza kwa kitu gani?

"Kwa Mwenyekiti?" Sungura alitazama juu, akihesabu hewani. "Mtu anaona aibu kubeba muhogo. Nadhani watachinja."

Shangazi Mtupo aliacha kumenya.

"Mwanangu, usiende mbali," alisema. "Huyu ana masikio marefu."

"Shangazi, kula karanga zako," alisema Fisi. Alikwisha kuamua. Siku ya safari ya kwanza msafiri atakuwa yeye. Ataketi behewa la nyuma pamoja na vikapu vyake, na kwenye kona ya mlima, pale shangazi anapogeukia kila siku, atateremka kimyakimya na kurudi nyumbani kula. Sungura akajitolea kutangaza. Akauliza awaambie watu nini: waje kupanda treni, au waje kumsindikiza Mwenyekiti?

Hapo Fisi alisita, na Sungura akazuia pumzi. Kama angejibu waje kupanda, mambo yangekuwa mengine. Lakini anayekuja kupanda hubeba masurufu yake mwenyewe, na huyala mwenyewe.

"Kunisindikiza," alisema Fisi. "Litamke vizuri. Kunisindikiza."

Sungura alilitamka vizuri. Alilitamka kila kitongoji, bila kuongeza wala kupunguza, na popote alipoulizwa ni nani aliyesema hivyo, alijibu ni Mwenyekiti mwenyewe. Jioni alirudi kwa mama yake na maji kidogo ya matope kwenye kibuyu. Dimbwi lilikuwa limebaki upana wa ungo.

Siku ikafika. Gubeti ilijaa hata mapango yakaonekana madogo. Watu walichinja, kama Sungura alivyobashiri. Vikapu vya nyama kavu, vibuyu vya samli na mikungu ya ndizi vilipita juu ya vichwa kwenda behewa la nyuma, na Fisi amesimama mlangoni anavipokea kwa mikono miwili, akisema ahsante, ahsante, mmejisumbua, weka hapo. Kifaru alifungwa mbele, anakwaruza ardhi. Simba alifika na nyundo yake, akiwa amechanwa manyoya, akatazama umati huo kwa macho ya mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Abiria wangu," alisema. "Pandeni."

Hakuna aliyejongea.

Simba alidhani hawakusikia. Akarudia, kwa ile sauti yake inayosikika hadi nchi jirani. Watu walitazamana. Mwishowe alimnyooshea ukucha Nyumbu mmoja wa mbele, akamwuliza mbona hapandi.

"Mimi, Mfalme?" Nyumbu alitazama nyuma yake kuhakikisha ni yeye. "Mimi nakwenda wapi? Nimekuja kumsindikiza Mwenyekiti."

Akaulizwa Ngiri. Alikuja kumsindikiza Mwenyekiti. Akaulizwa Swala na watoto wake. Walikuja kumsindikiza Mwenyekiti, na walikuwa wanaomba ruhusa ya kurudi mapema kwa sababu ni mbali.

Jasho lilimtoka Fisi hadi kwenye nyayo. Lakini si mjinga. Mtu hafiki kwenye uenyekiti kwa ujinga mtupu. Aliwajua Nyumbu. Nyumbu mmoja akiona mguu umepanda, wote wanapanda, na wakipanda wao mabehewa matatu yamejaa. Akamshika Shangazi Mtupo kiwiko, akamnong'oneza kwa ukali, na Shangazi, akinung'unika kwamba goti linamuuma, akanyanyua mguu akauweka kwenye ngazi ya behewa la kwanza.

Nyumbu wa mbele aliuona mguu ule. Kichwa chake kikainama. Wa pili akainama nyuma yake, wa tatu, na kundi zima likavuta pumzi na kuanza kusogea.

Sungura aliona stesheni ya Mkoma ikiondoka mbele ya macho yake. Hakuwa na nafasi ya kufikiri. Alirukia juu ya kichuguu, akapunga mkono kwa nguvu zake zote, akaanzisha ule wimbo wa kuagana ambao kila mtoto wa Lukwale anaujua kabla hajaota meno. Sauti yake ilikuwa mbaya. Lakini Digidigi aliyekuwa karibu alidakia, Ngiri akadakia, na Nyumbu wa mbele, aliyekuwa amefika na ukwato mmoja hewani, akauona mkono wa Sungura unapunga, akaisahau ngazi. Akasimama. Akapunga. Wa pili akapunga, na wa tatu, na kundi zima likasimama mbele ya mabehewa matupu, linapunga na kuimba, wengine wakilia.

Shangazi Mtupo, kwa mazoea, aliteremsha mguu na yeye akapunga.

Simba aliwatazama mpaka wimbo ulipokwisha. Kisha akamwita Kasuku, akamwambia ahesabu walioketi ndani ya treni.

"Mmoja," alisema Kasuku. Akafikiri, jambo ambalo hakulizoea. "Na vikapu."

"Na siku ile ya mia tatu? Waliokuwa wanasafiri, sio waliopita."

"Siku ile sikuambiwa niulize mtu anakwenda wapi, Mfalme. Niliambiwa kichwa kimoja, abiria mmoja."

Simba aliweka nyundo chini, taratibu sana. Aliyemkasirikia zaidi pale, Sungura aliliona hilo, hakuwa Fisi. Alikuwa yule mfalme wa nchi ya mbali, ambaye angeisikia habari hii na kucheka. Kwa hiyo lilikuwa jambo la kumsaidia Simba aondoke pale na heshima yake, na haraka.

"Mfalme asikasirike," alisema Sungura kutoka kwenye kichuguu. "Amebaki abiria mmoja wa kweli, naye ni Mwenyekiti. Labda aulizwe yeye. Kama hasafiri, basi masurufu arudishiwe kila mtu, ya leo, na ya Shangazi ya siku zote zile. Kama anasafiri, sisi tumekuja kumsindikiza, na desturi tunaijua: hatuondoki mpaka apotee machoni."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuyataja masurufu ya Shangazi kwa sauti. Ngiri wakaanza kukumbushana nani alitoa nini. Nungunungu mmoja mzee alisimamisha miiba.

Simba alimgeukia Fisi. "Mwenyekiti. Unasafiri, au husafiri?"

Fisi alitazama vikapu. Alitazama watu. Masurufu ya zamani yalikuwa tumboni, hayarudi. Na akisema hasafiri, haya ya leo nayo yanaondoka, na pengine ngozi yake pamoja nayo. Mtu mwingine angeomba radhi. Fisi alizungusha mikono yake kwenye kikapu kilicho karibu.

"Nasafiri," alisema.

Watu walishangilia. Vigelegele vikapanda, na Kifaru, ambaye tangu asubuhi alikuwa anangojea mtu apige kelele ya maana, akachomoka.

Kwenye kona ya mlima Fisi alijaribu kuteremka. Walimwona akitoa mguu mlangoni, akautazama mwendo wa ardhi chini yake, akaurudisha ndani. Simba alikuwa anatazama hayo hayo. Treni ilipopotea machoni, alikohoa, akatangaza kwamba majaribio yamekwenda kama alivyoyapanga yeye mwenyewe, na kwamba reli ya Gubeti ilikuwa ni ya kumpeleka Mwenyekiti tu. Tembo hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Magogo hayakuwa na vigingi. Waliyanyanyua mawili mawili, wakaanzia mlangoni pa Fisi, wakaenda nayo Mkoma.

Safari hii Sungura ndiye aliyeambiwa asimamie hesabu. Alikwenda nyumba kwa nyumba na swali moja tu, na walipomjibu hakujali kama ni wengi au wachache. Treni ilifika siku ambayo dimbwi lilikuwa limebaki unyevu. Mama yake aliinuliwa na Ngiri wawili, akakataa benchi la kwanza kwa sababu lina upepo, akakataa la pili, akakaa la tatu dirishani.

"Na nyumba?" aliuliza.

"Itajilinda, mama."

Simba alipiga kigingi, akakikosa mara mbili, na hakuna aliyeona.

Fisi aliteremka Ndolwa na vikapu vyake vyote. Kule, tangu kabla ya treni, watu huwapokea wageni: kila anayefika kuna anayemwita kwa jina, anayempokonya mzigo, anayemwuliza habari za nyumbani. Alisimama hapo akingoja. Hakuna aliyekuja kumpokea, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba anakuja, na waliokuwepo walipouona mzigo wake waliuliza ni msiba wa nani. Alikula peke yake hadi akaugua. Kisha akarudi Gubeti kwa miguu.

Wanaoishi pembeni mwa nyika wanasema hiyo ndiyo sababu Fisi, hadi leo, akiondoka haagi na akirudi habishi hodi. Hataki kusikia neno kusindikizwa. Na wale wanaopanga njia za watu wengine wangefanya vizuri kumwendea Sungura wa Mkoma, aliyepanga treni nzima kwa kuuliza kila mlango: wewe unakwenda, au unapunga mkono?